Msaada: RAID 5 ya diski nne imegoma baada ya umeme kuyumba, diski mbili zimetoka kwenye kundi

Dada_Studio (Tanga)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msome mpaka mwisho kabla ya kunijibu. Nimeandika kila nilichokiona kwenye skrini, na sitaki kugusa kitu mpaka nipate mtu aliyeshapita njia hii.

Nina studio ndogo ya video hapa Tanga mjini. Tunapiga harusi, maulidi na mahafali, na msimu wa harusi ukipoa huwa nakwenda Pangani kurekodi wazee wakisimulia mambo ya zamani ya mji wao. Kazi zote zinakaa kwenye kompyuta moja ya mezani yenye Ubuntu 22.04. Mfumo uko kwenye SSD. Kazi ziko kwenye diski nne za TB 4 kila moja, RAID 5 (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, na moja ikifa data inabaki) iliyotengenezwa kwa mdadm, programu ya Linux ya kusimamia RAID, juu yake mfumo wa faili wa ext4. Nafasi yote ni TB 12, zilizojaa ni kama 7.

Jana jioni nilikuwa nahamisha kadi za kamera kwenda kwenye RAID. Umeme ukayumba: taa zikafifia, zikarudi, zikafifia tena. Kompyuta haikuzima, ila kunakili kukasimama na ujumbe wa `Input/output error`. Folda zikawa zinaonyesha majina tu, faili hazifunguki. Nikazima kwa utaratibu wa kawaida. Nilipowasha tena, ikaingia kwenye hali ya dharura, skrini nyeusi inayodai nenosiri la root. Nikaweka alama ya # kwenye mstari wa md0, yaani hilo kundi la RAID, ndani ya /etc/fstab (orodha ya diski za kufunguliwa kompyuta inapowaka), ndipo ikawaka.

Sasa `cat /proc/mdstat` inanipa hivi:

`md0 : inactive sdb1[0](S) sdc1[1](S) sdd1[2](S) sde1[4](S)`

Fundi mmoja aliyekuja kunitazamia anasema tuliunde kundi upya kwa `--create`, data zitarudi zenyewe. Nimemwomba asubiri. Kwenye hizo diski kuna harusi ambazo sijawakabidhi wenyewe, na kuna sauti na sura za wazee ambao baadhi yao wameshatangulia mbele ya haki. Harusi naweza kuomba radhi na kurudisha pesa. Wale wazee sina pa kuwapata tena.

Naomba kujua: hii (S) maana yake diski zote zimegeuka spea? Inawezekana kweli diski mbili zife dakika moja? Na hatua ya kwanza kabisa ni ipi?

Fundi_Majengo (Mombasa)

Dadangu, pole sana, na umefanya vyema kumzuia huyo fundi. Mwambie apumzike kwanza.

Hiyo (S) isikutishe. Kundi likishindwa kuanza, mdadm huziweka diski zote pembeni na kuziandikia S, hata zile nzima. Haina maana ya kwamba zimebadilishwa kazi. Neno la kulitazama hapo ni `inactive`: kundi halijawaka, basi. Kilichomo ndani bado kipo.

Diski mbili kufa dakika moja hutokea, lakini ni nadra mno. Mara nyingi ninapoletewa kompyuta yenye diski mbili "zilizokufa pamoja", diski zenyewe ni nzima na ubaya uko kwenye kitu zinachochangia: waya mmoja wa umeme uliogawanywa, kadi moja ya SATA, au pawasaplai iliyochoka. Stima ikiyumba, kompyuta huvumilia kwa nguvu iliyobaki ndani ya pawasaplai, ila diski iliyo mwisho wa waya mrefu haivumilii. Inajizima sekunde moja na kuwaka tena. Kwako ni kama hakuna kilichotokea. Kwa Linux, diski imeondoka.

Kwa sasa usiandike chochote kwenye diski hizo. Usitumie `--create`, usitumie `--zero-superblock`, usitumie `--add`, wala fsck, ile ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, usiiguse. Niletee haya matatu, yote ni ya kusoma tu:

`mdadm --examine /dev/sd[bcde]1`
`smartctl -a /dev/sdb` na vivyo hivyo kwa sdc, sdd na sde
`journalctl -k -b -1`, sehemu ya dakika ambazo umeme uliyumba

Kisha zima, fungua kasha, na uniambie ni diski gani zinakula waya mmoja wa umeme. Ukiwa hapo piga picha, na kwa kalamu ya wino mzito andika juu ya kila diski tarakimu nne za mwisho za namba yake ya kiwandani (serial number). Majina ya sdb na sdc hubadilika ukihamisha waya. Namba ya kiwandani haibadiliki, na `ls -l /dev/disk/by-id` itakuonyesha ipi ni ipi.

Kijana_wa_Terminali

Mimi yangu ilikufa hivihivi mwaka jana. Nilitumia `mdadm --create --assume-clean` na diski zilezile kwa mpangilio uleule, ikarudi mara moja. Mnamzungusha dada wa watu bure.

Fundi_Majengo (Mombasa)

Kijana, alhamdulillah yako ilirudi, lakini usimpe mtu mwingine dawa hiyo kabla ya kumpima. `--create` huandika upya kumbukumbu ya kundi kwenye kila diski, na ile ya zamani inakwenda nayo. Ili data isomeke, kila kitu lazima kilingane na siku kundi lilipoundwa: mpangilio wa diski, ukubwa wa kipande, na mahali data inapoanzia. Zamani kipande cha kawaida kilikuwa 64K, kuanzia mdadm 3.1 kikawa 512K. Mahali data inapoanzia pia pamehama toleo hadi toleo. Aliyeunda kwa mdadm ya zamani na kuunda upya kwa ya leo anaweza kupata kundi linalowaka vizuri kabisa na ndani yake hakuna faili hata moja inayoonekana. Akiendesha fsck juu ya hapo, ndipo anapoziua kwa mkono wake.

Tena kwenye kundi la dada, kama diski moja ilitoka siku nyingi na nyingine ikatoka jana, `--assume-clean` ingezichanganya zote nne kana kwamba ni za saa moja. Hiyo ndiyo hatari ninayoiogopa zaidi, na ndiyo sababu nataka kuona `--examine` kwanza.

Dada_Studio (Tanga)

Ahsante kaka. Nimefanya yote. Nafupisha, nikiacha yasiyohusu:

sdb1: Events 48213, saa ya mwisho jana 12:41 jioni, Array State `AA..`
sdc1: Events 48213, jana 12:41 jioni, `AA..`
sdd1: Events 48209, jana 12:40 jioni, `AAA.`
sde1: Events 31870, tarehe ni ya mwezi wa tatu, `AAAA`

SMART (ripoti ya afya ya diski): sdb na sdc ni safi, sifuri kwenye makosa yote. sdd ina sifuri kwenye 5 (sekta zilizohamishwa), 197 (zinazosubiri) na 198 (zisizosomeka), lakini 199 inasema 412. sde ina 88 kwenye 5, halafu 56 kwenye 197 na 56 kwenye 198.

Kwenye logi za kernel kuna mistari mingi ya `hard resetting link` na `SATA link down`, yote ya mlango wa sdd.

Ndani ya kasha: sdb na sdc zina waya wao unaotoka moja kwa moja kwenye pawasaplai. sdd na sde zimeunganishwa kwa kigawanyio cheupe cha plastiki, kimoja kinagawa mara mbili. Kichwa kimojawapo kimepauka na kuwa na rangi ya kahawia kidogo pembeni, na ndicho kilichokuwa kwenye sdd.

Kinachonishangaza ni huo mwezi wa tatu wa sde. Hakuna siku kompyuta iliyoniambia kitu.

Fundi_Majengo (Mombasa)

Hapo sasa tumefika. Soma nami taratibu, ni jambo zuri kulielewa.

Kila diski kwenye kundi huandika kwake habari za wenzake, na kila badiliko linapotokea namba ya Events hupanda. Diski ikitoka, namba yake inabaki palepale ilipoachwa. Kwa hiyo una mashahidi wanne, na kila mmoja anaeleza alichokiona mara ya mwisho alipokuwa macho.

sde anasema `AAAA`: alipoondoka mwezi wa tatu aliwaona wenzake wote wazima. Yeye ndiye aliyetoka wa kwanza. sdd anasema `AAA.`: jana saa 12 na dakika 40 alikuwepo na wawili wengine, na nafasi ya nne ilikuwa wazi tayari. sdb na sdc wanasema `AA..`: dakika moja baadaye wamebaki wawili, na RAID 5 ya diski nne haiwezi kwenda na wawili. Inahitaji watatu.

Maana yake, tangu mwezi wa tatu umekuwa ukifanya kazi bila kinga yoyote, na jana sdd alipojikwaa, kundi likaanguka. Kompyuta haikukuambia kwa sababu Ubuntu hutuma taarifa za mdadm kwa barua ya ndani ya root, na kwenye kompyuta ya mezani barua hiyo haina mahali inapokwenda. Tutalirekebisha mwisho.

Habari njema iko kwenye sdd. Tofauti ya 48209 na 48213 ni hatua nne tu. Alikosa maandishi ya dakika ile moja, si zaidi. Na SMART yake inaonyesha sahani ni nzima: hakuna sekta iliyohamishwa, hakuna inayosubiri. Hiyo 199 huhesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na ubaomama, nayo ni habari ya waya. Namba yake haishuki hata ukirekebisha. Utakachotazama ni kama itaendelea kupanda. Unganisha na kile kichwa cha kahawia, mkosaji umeshampata. Vile vigawanyio vya plastiki iliyomiminwa ndani ya kalibu vina sifa mbaya ya kupata joto na hata kuungua. Na sisi wa pwani tuna chumvi na unyevu, vyuma vya kichwa vikishika kutu kidogo tu, mguso unalegea. Kitupe.

sde ni kisa tofauti, ina sekta zinazosubiri kusomeka na haziwezi. Isitoshe, data yake ni ya mwezi wa tatu. Usiirudishe kundini kabisa kwenye uokoaji huu. Itoe, ifungie kwenye mfuko, iweke kabatini.

Mpango wenyewe: diski tatu, sdb, sdc na sdd. Mpe sdd waya mpya wa SATA na umeme wake mwenyewe kutoka kwenye pawasaplai, ule usiogawanywa. Waya mfupi wenye klipu ya chuma, usikunjwe kwa nguvu nyuma ya kifuniko.

Kisha usiguse diski zenyewe. Tutaweka tabaka la juu, ili kila kitakachoandikwa kiende kwenye faili za muda zilizoko kwenye SSD, na diski zibaki kama zilivyo. Tukikosea, tunafuta faili za muda na kuanza tena. Una nafasi kwenye SSD? GB 60 zinatosha. Kwa kila diski, huu ni mfano wa sdb1:

`mdadm --stop /dev/md0`
`truncate -s 20G /home/okoa/sdb1.ovl`
`losetup -f --show /home/okoa/sdb1.ovl`

Amri hiyo ya tatu itakujibu jina la loop, yaani faili inayojifanya diski. Usidhani ni loop0, maana Ubuntu huzitumia nyingi kwa programu za snap. Tumia jina lilelile ililokujibu. Tuseme ni loop21:

`echo "0 $(blockdev --getsz /dev/sdb1) snapshot /dev/sdb1 /dev/loop21 P 8" | dmsetup create ovl_sdb1`

Rudia kwa sdc1 na sdd1, kila moja na faili yake na loop yake. Kisha:

`mdadm --assemble --force --run /dev/md0 /dev/mapper/ovl_sdb1 /dev/mapper/ovl_sdc1 /dev/mapper/ovl_sdd1`

`--force` inaiambia mdadm iikubali sdd pamoja na zile hatua nne alizokosa. Pia inaruhusu kundi pungufu ambalo halikufungwa vizuri kuwaka, jambo ambalo bila hiyo Linux hulikataa, na inalikataa kwa haki. Ikiwaka, mdstat itaonyesha `[UUU_]`, yaani diski tatu zipo na ya nne haipo. Halafu `fsck.ext4 -n /dev/md0`, hiyo inasoma tu, na unipe majibu kabla ya kumaunti, yaani kulifungua kundi ili faili zionekane.

Dada_Studio (Tanga)

Imewaka. `[UUU_]`, kama ulivyosema. Mikono ilikuwa inatetemeka nikiandika ile amri ya force.

fsck -n imelalamika kidogo: jarida (kumbukumbu ya ext4 ya maandishi ya mwisho) halijasomwa, na hesabu ya nafasi tupu hailingani. Hakuna mistari mirefu ya kutisha. Nimaunti?

Fundi_Majengo (Mombasa)

Maunti. Hesabu ya nafasi kutolingana ni kawaida jarida likiwa bado. Uko juu ya tabaka, kwa hiyo ext4 inaweza kusoma jarida lake bila kudhuru diski: `mount /dev/md0 /mnt/okoa`. Usifungue programu ya kuhariri video juu yake. Fungua faili chache za zamani kwa kutazama tu, kisha anza kunakili kwenda nje.

Na nakili kwa thamani, usifuate alfabeti. Anza na wazee.

Mzee_wa_Ilala (Dar)

Nimekuwa nikifuatilia kimyakimya. Binti, nakuongezea moja ambalo wengi hulikosea hapa: usikimbilie kununua diski ya nne na kuanza kujenga upya kundi. Nakala kwanza. Kujenga upya kunasoma diski tatu zote mwanzo hadi mwisho, yaani TB 12, na wakati wote huo hakuna kinga. Karatasi za diski nyingi za kawaida zinataja kosa moja lisilosomeka kwa kila biti 10 kwa kipeo cha 14 zinazosomwa. Biti hizo ni kama TB 12.5. Fanya hesabu mwenyewe.

Tangu Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waieleze RAID mwaka 1988, shabaha yake imekuwa kazi isisimame diski ikifa. Ukifuta folda, inafutika kwenye diski zote kwa wakati mmoja. Ukiibiwa kompyuta, zimekwenda zote nne. Kwa hiyo hata hii ikipona, wale wazee wa Pangani wawe na nakala kwenye nyumba nyingine.

Fundi_Majengo (Mombasa)

Naunga mkono kunakili kwanza, mzee. Ile namba ya karatasi tu nisingemtishia nayo. Ni kiwango ambacho kiwanda kinaahidi kutokivuka, na diski nyingi nilizozijenga upya zimesoma zaidi ya hapo bila kosa. Lakini ni kweli kwamba mtu hachezi na kitu ambacho hakina nakala. Dada, una pa kunakilia TB 7?

Dada_Studio (Tanga)

Nilikuwa na diski ya nje ya TB 2 dukani, wazee wote wameshaingia humo, na nimewafungua mmoja mmoja kwenye kompyuta nyingine nikawasikiliza. Sauti iko, picha iko. Ahsanteni, mmenipa usingizi.

Kwa zilizobaki nimeagiza ya nje ya TB 8 kutoka Kariakoo, imekuja kwa basi. rsync inaendelea nikiandika hapa. Klipu chache za kadi ya jana hazifunguki, zile zilizokuwa zinaandikwa umeme ulipoyumba, lakini kadi yenyewe bado ninayo na sijaifuta.

Diski mpya ya TB 4 nayo ipo. Nikimaliza kunakili nifuate hatua gani?

Fundi_Majengo (Mombasa)

Hizo klipu ndizo zile hatua nne alizokosa sdd. Umefanya jambo kubwa kutofuta kadi.

Kabla ya kufunga hiyo diski mpya, thibitisha aina yake. Kuna diski za SMR, zinazopanga njia za data zikilaliana kama vigae, na kuna za CMR, ambazo njia zake hazilaliani. SMR kwenye kujenga upya RAID huenda polepole mno, na nyingine hukaa kimya mpaka Linux inazitoa kundini. Mwaka 2020 ilijulikana hadharani kwamba hata baadhi ya diski zilizouzwa kwa ajili ya RAID za nyumbani zilikuwa SMR bila kuandikwa. Tafuta karatasi ya kiwanda kwa namba kamili ya modeli.

Nakala zikikamilika na kukaguliwa, ondoa tabaka:

`umount /mnt/okoa`
`mdadm --stop /dev/md0`
`dmsetup remove ovl_sdb1 ovl_sdc1 ovl_sdd1`

Kisha ziachie loop zake kwa `losetup -d`. Zima, funga diski mpya mahali pa sde, washa, hakikisha majina kwa namba za kiwandani. Ukiikuta Ubuntu imeshalishika kundi lenyewe likiwa inactive, lisimamishe tena. Halafu ile amri ya `--assemble --force --run`, safari hii na /dev/sdb1, /dev/sdc1 na /dev/sdd1 zenyewe. Fanya `fsck.ext4 -f /dev/md0` sasa, kwa kweli, maana nakala unazo.

Kugawa diski mpya sawa na wenzake:

`sgdisk -R /dev/sde /dev/sdb`
`sgdisk -G /dev/sde`

Hapa kaa makini kuliko mahali pengine pote. Kwenye -R diski inayoandikwa ndiyo inayotangulia, na inayonakiliwa ndiyo ya mwisho. Ukizigeuza, umefuta ramani ya diski yenye data. Soma mstari kwa sauti kabla ya kubonyeza.

Kisha `mdadm --add /dev/md0 /dev/sde1`. Kwa mwendo wa MB 120 kwa sekunde ni saa tisa na kitu, usiku mmoja. Isifanye kazi nyingine usiku huo, na kama una UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika), iwe nyuma yake. Kama huna, subiri uinunue kwanza.

Jambo la mwisho ambalo huenda ndilo lililochangia sde kutolewa mwezi wa tatu. Diski nyingi za kompyuta za mezani zikikuta sekta mbaya hujaribu kuisoma tena na tena, hata dakika mbili. Linux husubiri sekunde 30 tu, kisha hudhani diski imekufa na kuipiga teke mlango. Ulize kila diski:

`smartctl -l scterc,70,70 /dev/sdb`

Ikikubali, itaacha kung'ang'ana baada ya sekunde 7 na kuiachia RAID itoe data kwa wengine. Ikikataa, ongeza subira ya Linux:

`echo 180 > /sys/block/sdb/device/timeout`

Vyote viwili hupotea ukizima kompyuta, kwa hiyo viweke kwenye skripti inayoendeshwa kila inapowaka.

Na taarifa: ndani ya /etc/mdadm/mdadm.conf ongeza mstari wa `PROGRAM` unaoelekeza kwenye skripti yako. mdadm huipa jina la tukio, jina la kundi na jina la diski. Skripti inaweza kutuma ujumbe kwa simu, au hata kufungua dirisha jekundu kwenye skrini, lolote utakaloliona. Jaribu kwa `mdadm --monitor --scan --oneshot --test`. Usiamini mpaka simu ilie.

Dada_Studio (Tanga)

Kundi ni `[UUUU]` tangu asubuhi. 199 ya sdd imebaki 412, haijasogea hata moja tangu nibadilishe waya. Diski mpya na sdd zimekubali scterc, sdb na sdc zimekataa, nimezipa 180. Simu imelia kwenye jaribio.

Ile ya TB 8 itakaa kwa dada yangu Muheza, nitaileta mjini kila mwisho wa mwezi kuongezea kazi mpya. Kuhusu sde ya zamani, naweza kuitumia kwa mambo madogo?

Fundi_Majengo (Mombasa)

Ikae kabatini kwanza, mpaka uwe umekagua kazi zote na kukabidhi harusi. Baadaye iandikie sifuri mwanzo hadi mwisho, endesha `smartctl -t long`, utazame 197. Wakati mwingine sekta zinazosubiri ni matokeo ya umeme kukatika katikati ya kuandika, na zikiandikwa upya hupona. Lakini ile 88 kwenye 5 haitaondoka, na mimi singeiweka kazi ya mteja juu yake. Kwa kubebea filamu, sawa.

Msomaji_Mgeni (Nakuru)

Samahani kwa kuingilia. Mimi natumia Windows, RAID 1 ya kwenye BIOS, diski mbili. Juzi kompyuta ilikaa bila stima siku kadhaa, nilipowasha saa ilirudi miaka nyuma, na Windows sasa inaona diski mbili tofauti na inaniuliza kama ni-initialize mojawapo. Ni tatizo kama hili?

Fundi_Majengo (Mombasa)

Si hili, na lako huenda ni jepesi zaidi. Usikubali hiyo initialize, bonyeza Cancel. Saa kurudi nyuma maana yake betri ndogo ya ubaomama, ile CR2032 ya mviringo, imekwisha, na BIOS imesahau mipangilio yake yote. Kati ya aliyoisahau ni SATA kuwa kwenye RAID. Sasa iko AHCI, hali ya kawaida isiyo ya RAID. Nunua betri mpya, ibadilishe kompyuta ikiwa imechomolewa ukutani, ingia BIOS, rudisha SATA kwenye RAID, weka na saa sawa. Kabla Windows haijawaka, tazama skrini ya RAID kama inaonyesha Normal. Ikionyesha Degraded au diski moja kuwa Non-Member, simama hapohapo, usibonyeze Rebuild, ufungue uzi wako na uweke picha ya skrini hiyo pamoja na SMART za diski zote mbili.